Siku Jasusi Alipoinamisha Kichwa

Wiki iliyopita uliniacha Nainokanoka kwenye ukungu, nimevaa shuka la mtu, shanga za mtu na jina la mtu. Bado niko hapo hapo. Baridi ni ile ile.

Kwa aliyefungia vitumbua gazeti la wiki jana, nasimulia kwa kifupi. Naitwa Bernadina, mzaliwa wa Rhotia. Nina stashahada, na ni mwoga. Fisi siwaogopi. Naogopa watu. Nikikuta watu watatu dukani narudi nyumbani, namwambia mama sukari imeisha.

Niliajiriwa na watu wa tamthilia ya kijasusi iitwayo "Ukungu Hausemi". Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya gari na kunyoosha Kiswahili cha majasusi. Kazi nzuri, haina macho ya watu.

Kisha nyota wetu, dada Eunike wa Dar es Salaam, akashuka garini. Ng'ombe mmoja wa Nainokanoka akamvua wigi na kuanza kulitafuna. Dada Eunike akarudi garini, akapandisha vioo, na kuapa kwamba hashuki tena.

Mwongozaji wetu, kaka Nelson, akaanza kutafuta mwanamke wa kimo kile kile. Akanikuta nyuma ya gari.

"Tutakupiga kwa nyuma tu," akaniambia. "Sura yako haitaonekana hata chembe."

Nikakubali. Mtu anayeniahidi kwamba sura yangu haitaonekana amenielewa.

Sasa nikuambie jambo ambalo wiki jana nililificha kwa aibu.

Nampenda Lekishon.

Lekishon ndiye dereva wetu, kijana wa hapo hapo Nainokanoka. Haulizi kama unasikia baridi. Anapandisha kioo cha upande wako, basi. Tangu tuanze safari za kutoka Karatu kupanda huku juu, kioo cha upande wangu hakijawahi kushushwa. Na mimi, ambaye siongei na watu, nikajikuta namsimulia habari za kuku wa mama.

Juzi aliniambia, akitazama usukani: "Yeyo anakuja kukuona. Siku ya picha za boma."

Yeyo ni mama. Mama yake, mama Nailantei.

"Mama yako? Mimi?"

"Ndiyo. Atakuja mwenyewe, kwa miguu."

"Atanipenda?"

"Atakupenda. Usijifanye mtu mwingine tu. Yeyo hapendi kabisa watu wa kujifanya."

Sasa nitazame. Siku ya kuonwa na mama mkwe imefika, na mimi nimevaa shanga za kuazima, naitwa Nashilu, na ni jasusi.

Asubuhi ile kaka Nelson alinifundisha kama anavyofundishwa kasuku.

"Jina lako?"

"Bernadina."

"Umekufa! Adui amekupiga risasi. Jina lako?"

"Ber... Nashilu."

"Umekufa tena, lakini polepole. Jina lako?"

"Nashilu."

"Mtu akikuamsha usingizini?"

"Nashilu."

"Akija mama yako mzazi analia, anakuuliza mwanangu unaitwa nani?"

Nilimuonea huruma mama. Lakini nikasema: "Nashilu."

"Sasa wewe ni jasusi," akasema kaka Nelson, akanipiga begani, shanga zikalia.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Nashilu anaingia bomani amejifanya binti wa pale. Anamkuta mzee amesimama. Anainamisha kichwa mbele yake, kama watoto wa Kimasai wanavyowasalimia wazee, na mzee anamgusa utosini kwa kiganja. Lakini ndani ya kiganja kuna memori kadi yenye siri za adui! Inateleza, inaingia kwenye shanga za Nashilu. Maadui wako kwenye gari jeusi kando ya zizi, wanaona mzee anasalimiwa na mtoto, hawashuku kitu.

Mzee aliyechaguliwa alikuwa mzee kweli, mzee Senteu, mwenye boma. Alikubali kwa furaha. Alivaa blanketi jipya.

"Akshen!"

Nikatembea. Nikainamisha kichwa. Kiganja kizito, chenye joto, kikatua utosini.

"Takwenya!" akanisalimia.

"Iko," nikajibu, kama Lekishon alivyonifundisha.

"Baba yako nani?"

Swali hilo kwenye muswada halikuwepo.

"Kata!" akalia kaka Nelson. "Mzee wangu, usimuulize kitu. Mpe kadi, aende."

"Nimpe kitu mtoto ambaye baba yake simjui?"

"Ni tamthilia, mzee."

"Hata tamthilia ina baba yake."

Tukarudia. Safari hii mzee Senteu hakuniuliza baba. Aliniuliza mvua. Kisha akauliza kwetu ni wapi, mahindi ya huko Rhotia yamefikia wapi, na maharage je. Na mimi, kwa kuwa nimelelewa, nikamjibu yote. Kaka Nelson akakata.

Tukarudia tena. Mzee Senteu alinishika kichwa vizuri, kimya kabisa. Kaka Nelson akafumba macho kwa raha. Ndipo mzee akainua ile memori kadi juu, watu wote wakaiona, hata maadui.

"Binti," akasema kwa sauti, "kuna kitu kidogo cheusi kimo mkononi mwangu. Ni chako?"

"Tumeshakiona, mzee!" akajibu adui mmoja kutoka kwenye gari jeusi.

"Mzee, hiyo ni siri!" Kaka Nelson alikuwa karibu kulia.

"Siri gani, na watu wote hawa wanatazama?" Mzee akaonyesha kwa fimbo wanawake waliojaa kando ya uzio, mbwa, ndama, na mtu mzima aliyekuja na kiti chake kabisa. Kisha akageukia gari jeusi. "Na wale je? Wamekaa humo tangu asubuhi. Ni wageni wa nani?"

"Ni maadui, mzee."

"Adui naye hanywi chai?"

Chai ikaletwa, ya maziwa, kwenye vikombe vikubwa vya bati. Maadui wakashusha vioo na kupokea kwa mikono miwili. Kuanzia hapo hawakuwa tena na sura ya uadui. Mmoja wao alianza kumuuliza mzee bei ya mtamba.

Kaka Nelson akajishika kiuno, akatazama huku na huku kwa macho yale yale aliyonitazama nayo mimi nyuma ya gari. Nilijua kuna mtu anakaribia kupata bahati mbaya.

"Lekishon! Njoo hapa. Unajua kukaa kimya?"

"Najua."

"Basi wewe ndiye mzee."

Mpambaji alimnyoa mbuzi mweupe wa mzee Senteu sehemu ndogo ya tumboni, akayabandika manyoya kwenye kidevu cha Lekishon kwa gundi. Akampaka unga kichwani, akampa fimbo. Lekishon wangu akawa kama mbuzi aliyehitimu chuo kikuu.

Nilicheka. Hakucheka. Alinijia haraka, uso una wasiwasi.

"Bernadina, sikiliza. Hii picha mimi na wewe hatu..."

"Kimya kwenye seti!" akaunguruma kaka Nelson. "Kila mtu mahali pake! Nashilu! Nashilu, unasikia?"

Nikaenda mahali pangu.

"Akshen!"

Nikatembea. Nikainamisha kichwa mbele ya Lekishon. Nikasubiri kiganja.

Hakikuja.

Nikainua jicho kidogo. Kiganja kilikuwa hewani juu yangu, kama cha mtu anayepima joto la kikaango.

"Kata! Mzee gani huyu anaogopa kichwa?"

Tukarudia. Lekishon akanipa mkono, tukasalimiana kama wajumbe wa mkutano.

"Kata!"

Tukarudia. Akanipa memori kadi mkononi waziwazi, kama muuza duka anayerudisha chenji.

"Kata! Kata! Lekishon, ndugu yangu, nimekukosea nini?"

Hapo ndipo nilipomuona mama yule.

Alikuwa amesimama mbele ya wanawake wengine kando ya uzio, shuka la bluu, fimbo mkononi, viatu vina tope la njia nzima. Macho yalikuwa ya Lekishon. Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu. Huyu ndiye Nailantei, yeyo wake.

Moyo wangu ukaniambia maneno mabaya. Ukasema: unaona? Mama yake amefika, naye anaona aibu kukugusa. Kwenye gari anakupandishia kioo kwa kuwa hakuna anayeona. Hapa mbele ya watu wake, hata kidole hataki kikufikie.

Machozi yakaanza. Mimi nikilia, pua nayo hulia.

"Akshen!"

Nikatembea siioni njia. Nikainamisha kichwa. Kiganja kikasimama hewani, pale pale.

Sijui niliupata wapi ujasiri, mimi ninayekimbia foleni ya sukari. Nilikipandisha kichwa changu mwenyewe. Nikakisukuma juu mpaka kikajikita kwenye kiganja chake, kama ndama anayelisukuma titi. Lekishon akashtuka, vidole vikaachia, memori kadi ikateleza ikaingia kwenye shanga.

"Kata! Safi sana!" Kaka Nelson alirukaruka. "Hiyo! Hiyo ndiyo!"

Alipiga makofi peke yake.

Hata yule ng'ombe wa wigi aliacha kutafuna.

Kisha mwanamke mmoja akajishika mdomo. "Ai! Lekishon amepata mtoto."

Kicheko kikapasuka kutoka uzioni. Kijana mmoja wa rika la Lekishon, mwenye simu mkononi, akanipungia. "Marahaba, mwanangu!"

Nilikuwa sijamsalimia.

"Kuna nini?" nikamuuliza Lekishon. "Nimefanya nini?"

Lekishon alikuwa anakitazama kiganja chake kana kwamba kimemsaliti. Mzee Senteu ndiye aliyenijibu, akija polepole na blanketi lake jipya.

"Binti, umemuinamia nani kichwa?"

"Mzee."

"Mzee yupi? Huyu ni kijana. Ndevu hizi ni za mbuzi wangu, na mbuzi mwenyewe namjua."

Watu wakacheka tena. Mzee hakucheka sana.

"Msichana akimuinamia mwanaume kichwa, amemwambia: wewe ni baba yangu. Mwanaume akimgusa, amejibu: ndiyo, wewe ni binti yangu. Na binti wa mmoja ni binti wa rika lake lote."

"Rika lote?"

"Lote. Mpaka walioko mbali kule Arash. Wote ni baba zako, na baba haoi binti yake."

Nikamgeukia Lekishon. Akasema kwa sauti ndogo kutoka ndani ya manyoya: "Ndicho nilichotaka kukuambia."

Kumbe hakuwa na aibu. Alikuwa anakilinda kile kichwa. Mkono wake ulikuwa umesimama pale hewani kwa kunipenda, na mimi nikaufuata kwa kichwa kama ndama.

Nikamkimbilia kaka Nelson. "Kaka, futa! Futa hiyo picha, nakuomba."

"Nifute? Dada, hiyo ndiyo picha bora ya msimu mzima! Yale machozi uliyatoa wapi?"

"Machozi uliyaonaje? Si ulisema unanipiga kwa nyuma?"

Kaka Nelson akakohoa. "Kamera ya pili ilikuwa mbele."

Kabla sijazimia, Lekishon akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Yeye asiyesema akasema, tena mbele ya watu wote, na ndevu zake za mbuzi.

"Mzee, mimi huyu namtaka. Leo ndiyo siku niliyopanga kumuonyesha kwa yeyo."

Kicheko kikakatika. Nilitamani niingie garini kwa dada Eunike, tupandishe vioo wote wawili tusishuke tena.

Mama Nailantei akatoka kwenye kundi. Akaja taratibu na fimbo yake, akasimama kati yetu.

"Ndiye huyu?" akamuuliza mwanawe.

"Ndiye, yeyo."

"Yule uliyeniambia ana aibu?"

"Ndiye."

"Aliyekusukuma mkono kwa kichwa mbele ya boma zima?"

Lekishon akajikuna ndevu za mbuzi. Mimi nilikuwa nayatazama majani.

Mzee Senteu akakaa kwenye kile kiti alichokuja nacho yule mtu mzima. Akavuta ugoro, akapiga chafya, akafikiri. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yanameremeta.

"Nina swali," akasema. "Aliyeinama ni nani? Tangu asubuhi namsikia huyu mpiga kelele anamwita Nashilu. Nashilu, nenda. Nashilu, rudi. Nashilu, umekufa. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee," akajibu kaka Nelson.

"Huyo Nashilu anaishi wapi?"

"Haishi popote. Ni wa kwenye tamthilia."

"Basi binti wa Lekishon ni Nashilu. Na huko huko kwenye televisheni anakoishi ndiko akatafutiwe mume." Akanigeukia. "Lakini wewe una jina lako, ulilopewa kwenu. Mwenye jina hilo hajamuinamia mtu hapa."

"Eee!" wakaitikia watu kutoka uzioni. Wanawake wakapigana mabega. Lekishon akaanza kubandua ndevu upande mmoja, anatabasamu, na nilipoona tabasamu lile nusu kwenye manyoya nusu kwenye ngozi, nilijua nitampenda hata akizeeka.

"Lakini," akasema mzee Senteu, akainua fimbo. "Neno litoke kinywani mwake mwenyewe. Asisemewe na dereva, asisemewe na mpiga kelele. Mama mtu atamuuliza jina mbele yetu sote, naye atajibu. Jina likishatoka, limetoka. Sitasikia tena maneno ya tamthilia."

Nikapumua. Jambo rahisi namna hii! Kutaja jina langu. Jina la ubatizo, jina la bibi yangu, jina lililoandikwa kwenye stashahada. Mtoto wa chekechea analiweza.

Watu wakasogea karibu, wengi sana. Maadui wakaweka chini vikombe vya chai, wakashuka garini ili wasikie vizuri. Dada Eunike akashusha kioo kidogo, nikaliona jicho lake. Pembeni nikaona kaka Nelson anamnong'oneza mpiga picha, na kitaa chekundu cha kamera kikawaka.

Lekishon akanitamkia kwa midomo, bila sauti: Ber-na-di-na.

Mama Nailantei akanisogelea. Karibu vile, sikuona ukali wowote usoni mwake. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyenyeshewa. Akaniweka sawa shanga zilizopinda shingoni. Sauti yake ilikuwa laini, laini kuliko yoyote niliyoisikia siku ile.

"Usiogope," akasema. "Mwanangu, unaitwa nani?"

Mwanangu, unaitwa nani.

Maneno yale yale. Ya asubuhi. Ya risasi.

Nikayaona macho yote. Macho ya wanawake, macho ya maadui, jicho la dada Eunike, jicho jekundu la kamera. Masikio yakaziba. Kinywa changu, ambacho siku zote hujifunga watu wakizidi watatu, siku hiyo kilijifungua chenyewe bila kuniuliza.

"Nashilu," nikasema.

Kioo cha dada Eunike kikapanda.

"Safi sana," akanong'ona kaka Nelson.

Ndevu za Lekishon, zile za upande uliobaki, zikadondoka zenyewe kwenye tope.

Mzee Senteu akayafunika macho yake kwa mkono. Mabega yalikuwa yanatikisika ndani ya blanketi, na sikuweza kujua kama ni chafya, kicheko au huzuni.

Mama Nailantei aliendelea kunitazama. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, kisha ikatulia. Akaichomeka fimbo ardhini. Mkono wake wa kulia sasa ulikuwa mtupu. Akauinua juu yangu.

"Haya, Nashilu, mjukuu wangu," akasema. "Lete kichwa."